Nani kawaambia kulea watoto Uingereza ni kula bata? Ndugu zangu wa Dodoma mmenichosha

Wakuu, mbukwenyi.

Naandika nikiwa nimekuja nyumbani, Chang'ombe hapa Dodoma; maisha yetu ya kila siku yako Leicester, England. Watoto wamelala, upepo wa Agosti unapiga mabati, na mimi usingizi umekata kwa hasira. Mods naomba msiuhamishie uzi huu kule kwenye mambo ya ndoa. Ndoa yangu haina shida. Shida ni ukoo.

Leo nimewekwa kikao. Mimi, mtu mzima mwenye watoto wawili, nimekalishwa sebuleni kwa baba mkubwa nikasomewa mashtaka: eti nimekuwa mzungu. Ushahidi uliotolewa: sikuja kwenye harusi mwezi wa tano, nimemshusha mwanangu kwenye bodaboda ya baba mdogo mbele ya watu, nabadilisha pampasi mwenyewe mke wangu akiwa amekaa, na sipokei simu asubuhi. Shangazi akamalizia kwamba mke wangu amenikalia. Mke wangu huyo huyo alikuwa jikoni kwao anawasongea ugali wa uwele.

Tuanze na hiyo harusi, maana ndiyo donda lenyewe.

Ilikuwa katikati ya Mei. Katikati ya Mei shule za England ziko wazi. Binti yangu ana miaka sita, yuko darasa la kwanza, na kule mtoto wa umri huo humtoi shule kwenda safari bila ruhusa ya mwalimu mkuu. Mwalimu mkuu naye hatoi ruhusa kwa sababu mtoto wa baba mdogo wako anaoa. Tangu Agosti 2024 utaratibu ni mmoja England nzima: mtoto akikosa vipindi kumi bila ruhusa ndani ya wiki kumi za shule, shule inafikiria faini. Na kipindi wanachohesabu ni nusu siku, kwa hiyo siku tano tu umeshaingia. Faini ni pauni 80 kwa kila mzazi kwa kila mtoto, usipolipa ndani ya siku 21 inapanda kuwa 160. Mimi na mama yake tayari hiyo ni 160 hata kabla ya kuchelewa, laki tano na ushee ya kwetu. Ukirudia ndani ya miaka mitatu mnaanzia 160 kila mmoja, na ya tatu mnaweza kusimamishwa mahakamani.

Nikayaeleza yote haya pale sebuleni, kwa utulivu, kwa adabu zote. Baba mkubwa akasema, "Faini si mnalipa tu? Nyie mna hela."

Baba mkubwa, shikamoo, lakini hapana. Mtu anayeishi kwa viza hachezei barua za mahakama.

Halafu kuna nauli. Ndege ya moja kwa moja London mpaka Dar hakuna, unazungukia Doha au Addis Ababa au Istanbul, na mtoto akishafikisha miaka miwili analipiwa kiti kama mtu mzima ukiondoa kapunguzo kadogo. Mahali pekee tulipopumua ni treni ya SGR, Dar mpaka Dodoma: binti yangu nusu nauli, mdogo wake bure, mlango wa mabehewa unafunguka kwa muda waliosema. Nilifurahi kama mjinga. Ila SGR haijafika Leicester.

Na mchango? Mchango nilitoa. Kamati ilinipangia milioni mbili bila kuniuliza, eti kwa kuwa niko Ulaya, nikazituma kwa mafungu mpaka zikatimia. Siku pesa zinaingia sikusikia mtu akisema hizi ni pesa za mzungu tusizipokee.

Kuna hili la "serikali ya kule inawalipa watoto". Hili limekaa kichwani kwa ndugu zangu wote, hata wasomi wanaofanya kazi mji wa serikali Mtumba kwenye ofisi zenye viyoyozi. Wakuu, viza yetu imeandikwa wazi kwamba hatuna haki ya fedha za umma. Ile posho ya mtoto mnayoisikia, hatupati. Zile saa 30 kwa wiki za malezi ambazo wazazi wanaofanya kazi wanasaidiwa na serikali, hatupati, kwa sababu hiyo hiyo ya viza. Tutakachopata ni saa 15 ambazo kila mtoto anapewa akishatimiza miaka mitatu, tena kwa wiki 38 tu za mwaka. Mwanangu ana mwaka na nusu. Kwa hiyo nasari tunalipa wenyewe, zaidi ya pauni 60 kwa siku. Kwa siku! Karibu laki mbili. Waulizeni wao wanamlipa dada wa kazi kiasi gani kwa mwezi mzima, uone watakavyoangaliana.

Na kwa kuwa ni bei hiyo, anaenda siku tatu tu. Siku zilizobaki ndiyo hapo baba anakuwa dada wa kazi, na hapo ndipo ukoo unaponicheka.

Ngoja niwaeleze siku moja ya kawaida, wale mnaojua wataniunga mkono. Mke wangu ni nesi. Shifti yake inaanza saa moja na nusu asubuhi mpaka saa mbili usiku, kwa hiyo kabla ya saa moja ameshatoka. Mimi niko ghalani usiku, natoka saa kumi na mbili asubuhi. Tunakutana mlangoni. Yeye ameshavaa koti, mimi bado nina viatu vya kazi vyenye chuma puani, ananikabidhi mtoto akiwa na pampasi ya usiku imejaa, ananiambia "uji uko jikoni, huyu mkubwa ana kitabu cha kurudisha shule," anakimbilia basi. Hatujaulizana hata umeamkaje. Navalisha, nalisha, nasuka nywele (ndiyo, nasuka, mistari miwili inanitosha), nasukuma kigari kwenye mvua mpaka shuleni saa tatu kasoro dakika kumi. Siku ya nasari nampitisha mdogo, narudi nalala saa nne, naamka saa nane na nusu kwa sababu saa tisa na robo mkubwa anatoka na mwalimu hamwachii mtoto wa miaka sita mpaka aone uso wa mzazi getini. Siku isiyo ya nasari silali. Yaani silali. Nakaa kwenye kapeti na mtoto, macho yananiwasha, nasubiri alale mchana ili na mimi nijibanze pembeni yake.

Halafu mtoto aharishe. Nasari wanampigia simu mzazi aje amchukue, na haruhusiwi kurudi mpaka zipite saa 48 tangu mara ya mwisho kuharisha. Ada ya siku hizo unalipa kama kawaida. Hapo mmoja wetu lazima akose kazi, na tunagombana kwa kunong'ona ni nani.

Sasa mtu anakaa Dodoma, nyumba ina bibi, shangazi, binamu watatu na dada wa kazi, anamwita mwanaume huyo mzungu kwa sababu amebadilisha pampasi. Mlitaka nani aibadilishe? Mfalme?

Simu za asubuhi ni hadithi hiyo hiyo. Shangazi anapiga video saa mbili asubuhi ya Dodoma. Wakati wa baridi kwangu ni saa kumi na moja alfajiri, nasukuma mizigo, simu iko kwenye kabati la wafanyakazi. Nimeshaeleza. Jibu lake ni kwamba mbona mtoto wa jirani aliyeko Dubai anapokea. Dubai wako saa moja mbele ya kwetu, shangazi! Kule jua limeshawaka.

Kikao kikaja na suluhisho. Nimchukue binti wa shangazi, amemaliza kidato cha nne, akanisaidie watoto. Wanavyolisema utadhani namchukua kumpeleka Iringa. Hakuna viza ya familia kama yetu kuagiza dada wa kazi kutoka nyumbani. Haipo. Nikisema haipo naambiwa nina roho mbaya, sitaki wenzangu watoke.

Na hapa ndipo nilipopandisha sauti, na sijutii. Kuna mtu pale, simtaji, akasema hata mama yangu mzazi nilimzuia asije kumuona mjukuu. Mama! Mdogo alipozaliwa tulimwombea mama viza ya kutembelea, ile ya miezi sita. Alipanda basi mpaka Dar kupiga alama za vidole, na gauni jipya alishashonesha. Tulipeleka hati ya kiwanja, barua ya kanisani, taarifa zangu za benki, barua ya hospitali ya uzazi. Akanyimwa. Walisema hawajaridhika kwamba atarudi. Mwanamke ana shamba la zabibu, ana nyumba, ana wajukuu wengine kumi, asirudi kwa ajili ya nini, baridi? Na ada hairudi ukishanyimwa. Mke wangu alirudi kazini mtoto akiwa bado ananyonya, anakamua maziwa chooni kazini, kwa sababu bibi hakupewa viza. Halafu mtu mwenye soda mkononi ananiambia mimi ndiye niliyemzuia.

Mama alikuwepo pale. Alisema neno moja tu, "Mwacheni mwanangu," wakaendelea kama hajasema.

La bodaboda ni fupi. Baba mdogo alimkalisha mtoto wa mwaka na nusu mbele juu ya tenki, bila chochote, anampeleka Majengo sokoni kununua miwa. Kule kwetu mtoto anakaa kwenye kiti chake cha gari mpaka afikishe miaka 12 au sentimita 135, ukikamatwa bila hicho kiti unalipa. Lakini hata kama sheria hiyo isingekuwepo ningemshusha. Sikumtukana mtu. Nilinyoosha mikono nikamchukua mtoto. Hiyo ndiyo "dharau mbele ya watu".

Na fimbo, eti watoto wangu hawajachapwa ndiyo maana wanauliza maswali. Uskoti wamepiga marufuku kuchapa tangu 2020, Wales 2022. England bado sheria inaacha mwanya, ila mtoto akionekana na alama shuleni, mwalimu ni lazima atoe taarifa na watu wa ustawi wanaweza kukugongea mlango. Tena watoto wenyewe wanaamkia. Huyu mkubwa kaamkia watu wazima wote leo, mpaka kamwamkia kijana wa duka la M-Pesa, na mlenda kamaliza sahani mbili.

Sasa kuna harusi nyingine inapangwa mwakani, na wameshaniwekea kiwango. Nimewaambia kamati: shule za kule zinafungwa Julai, na sehemu kubwa ya Agosti watoto wako nyumbani. Pangeni Agosti nije na familia nzima. Mkipanga Mei, nitatuma laki tano, siyo milioni mbili, maana mtakuwa mmeamua wenyewe nisije.

Wenye watoto wadogo mlioko nje, ndugu zenu mnawajibuje? Na wewe unayeanza kuandika "umekuwa mzungu", kwanza nitajie nani atasimama getini Jumanne saa tisa na robo.