Tupeane uzoefu: kijana wa miaka 13 hadi 19 akibadilika ghafla, unaanza kuangalia wapi?

Mwalimu wa malezi, Ilala

Wakuu, habari za jioni. Uzi huu ni wa wanaofanya kazi na vijana hapa Dar: walimu, wauguzi, makocha, washauri nasaha. Tuweke mbinu na vipimo, visa vya watoto wa watu tuviache.

Mgawanyo wa maeneo ya ustawi wa mtu unaotumika sana ni wa daktari Bill Hettler wa Marekani, wa mwaka 1976: mwili, hisia, fikra, mahusiano, imani na kazi. Kwa mwanafunzi, kazi ni masomo. Naongeza pesa, maana kwa mji huu huwezi kuiacha nje. Tatizo ni kwamba watu wazima tunayachukua maeneo haya kama vipindi vya ratiba, kila kimoja peke yake. Mtoto akishuka hesabu anapelekwa tuisheni ya jioni, tuisheni inamla usingizi, hesabu inazidi kushuka, halafu anaitwa mvivu.

Kinachosaidia ni daftari la siku 14. Kila jioni kijana anajipa alama 0 (mbaya) mpaka 3 (nzuri) kwa kila eneo, na pembeni anaandika saa alizolala. Mwishoni mnakaa naye kutafuta eneo lililoanza kushuka *kwanza*. Hapo ndipo pa kushika. Usilisome bila ruhusa yake. Akijua linapekuliwa atajaza 3 tupu, na hapo daftari halina kazi tena.

Muuguzi wa kliniki ya vijana, Temeke

Mimi siku zote naanza na usingizi, kabla hata sijauliza jingine. Umri huu unahitaji saa 8 hadi 10. Sasa piga hesabu: kipindi saa 1:30 asubuhi, mtoto anatoka Chanika au Mbagala, anaamka saa 10 alfajiri ili awahi daladala. Saa 8 zake zinataka awe amelala saa 2 usiku. Nani analala saa 2? Tena katika kubalehe homoni ya usingizi, melatonini, huanza kutoka kwa kuchelewa, kwa hiyo hata ukimzimia taa atakuwa anaangalia dari.

Muda wake wa kulala usiurudishe nyuma saa nzima kwa siku moja. Sogeza dakika 15, kaa hapo siku tatu, sogeza tena. Sare, madaftari na nauli viandaliwe usiku. Hapo anaweza kuokoa nusu saa ya alfajiri. Akirudi kachoka alale dakika 20 hadi 30, kabla ya saa 11 jioni. Akizidisha anaamka mzito na usiku hapati usingizi. Jumamosi asichelewe kuamka kwa zaidi ya saa mbili kuliko kawaida yake. Simu ichajiwe sebuleni, na ya mzazi pia, maana ukibaki na yako kitandani sheria haina nguvu.

Halafu vinywaji vya kuongeza nguvu. Kopo la mililita 250 lina takriban miligramu 80 za kafeini, na nusu yake hubaki mwilini baada ya saa 5 hivi. Akinywa saa 11 jioni ili asome, saa 4 usiku nusu bado ipo damuni.

Afisa lishe

Nyongeza kwa mabinti, maana uchovu wao mara nyingi ni upungufu wa damu. Binti wa miaka 14 hadi 18 anahitaji miligramu 15 za madini ya chuma kwa siku, mvulana 11. Asubuhi chai na maandazi, mchana chipsi kavu: hapo chuma hakuna cha maana, na hicho kidogo kinazuiwa na chai. Chai inywewe saa moja kabla au baada ya chakula. Maharage, dagaa na matembele vikamuliwe ndimu, vitamini C inasaidia chuma kuingia.

Dalili za kuangalia: kuishiwa pumzi kwenye ngazi, moyo kwenda mbio, weupe ndani ya kope la chini, hamu ya kula udongo au mchele mbichi. Hapo apimwe wingi wa damu (hemoglobini). Chini ya gramu 12 kwa desilita ni upungufu. Msikimbilie vidonge vya duka la dawa kabla ya kipimo, kwa sababu mwenye selimundu anaweza kuwa na damu pungufu ilhali chuma anacho cha kutosha.

Pedi ibadilishwe kila baada ya saa 4 hadi 6. Inayolowa kabisa ndani ya saa moja, kwa saa kadhaa mfululizo, ni safari ya hospitali.

Kocha wa netiboli

Fupi tu. Dakika 60 za mazoezi ya mwili kwa siku, zinaweza kukusanywa kidogokidogo. Kipimo cha kasi: anaweza kuongea, kuimba hawezi. Kwa joto letu ni kabla ya saa 3 asubuhi au baada ya saa 11 jioni.

Mshauri nasaha

Huzuni au hasira inayokaa karibu kutwa, karibu kila siku, kwa wiki mbili, haiitwi tena "utoto". Wavulana wengi huionyesha kwa ukali, ndiyo maana wanachapwa badala ya kusikilizwa.

Usimkalishe sebuleni na wajomba wawili mbele yake, atafunga mdomo. Zungumza mkiwa na shughuli: mnaosha vyombo, mnatembea kwenda dukani. Uliza swali moja, kisha nyamaza, hata kimya kikikera. Na usiahidi siri ya asilimia mia. Mwambie mapema: "Jambo la kuhatarisha maisha nitalazimika kumshirikisha mtu."

Ukihisi hatari, uliza wazi: "Umewahi kufikiria kujiua?" Kuuliza hakumpandikizii wazo. Akijibu ndiyo, asiachwe peke yake, ondoeni vidonge na dawa za wadudu nyumbani, mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo. Namba 116 ya huduma ya simu kwa mtoto ni bure. Kama amebakwa, hospitali ndani ya saa 72, kwa ajili ya dawa za kuzuia VVU. Dawati la Jinsia na Watoto la polisi nalo lihusishwe, ila matibabu yatangulie.

Mama mlezi, Tabata

Kwenye pesa: mpe ya wiki, nauli itengwe kwanza. Akianza kuishiwa kila Jumanne, au anatembea kwa miguu na nauli alipewa, chunguza kubeti. Sheria inataka miaka 18, lakini laini ya kaka mtu inatosha kumwingiza.

Mwalimu, swali: akigoma hilo daftari?

Mwalimu wa malezi, Ilala

Dada, usilazimishe. Mwombe maeneo mawili tu, usingizi na lolote alilochagua mwenyewe, aweke kwenye simu yake. Akigoma na hilo pia, wewe andika unachoona kwa macho: saa aliyolala, alichobakiza sahani, nani kaja kumtembelea. Siku 14 vilevile, na umwambie kwamba unaandika.