Naomba ushauri: nimepanga upya folda, sasa bekapu ina kila picha mara mbili

Wakuu, habari za jioni. Mimi ni mpiga picha za harusi. Wiki iliyopita nilihamisha picha zangu zote kutoka folda za miaka kwenda folda za wateja. Jana usiku nikaendesha rsync (programu ya kunakili faili) kama kawaida kwenda kwenye diski ya nje ya TB 2. Ilikesha ikinakili, na asubuhi diski imejaa. Picha IMG_4471.CR2, bibi harusi akifutwa machozi na mama yake, ipo kwenye folda ya zamani na ipo kwenye mpya.

Nimeshaelewa kwamba rsync hulinganisha faili kwa mahali ilipo na jina lake, hivyo iliyohamishwa huonekana mpya. Najua kuna chaguo la --delete, linalofuta kwenye diski faili ambazo hazipo tena mahali pake kwenye kompyuta, lakini kwa kweli naiogopa. Nikikosea folda moja tu, kumbukumbu za watu zimekwenda, na harusi hairudiwi.

Je, nifute hizi nakala mpya, nipange folda za diski zifanane na za kompyuta, ndipo niendeshe rsync? Au nihamie Borg au restic, programu za bekapu zinazotambua data kwa yaliyomo? Kompyuta yangu ina RAM ya GB 4. Aliyezitumia kwa picha nyingi naomba anieleze. Diski nimeichomoa, sijaigusa tena.