Morisi ilitokaje kwenye miwa, na sisi wa mlimani tukabaki na mibuni?

Mkazi wa Pasua, Moshi:

Ndugu zangu, salamu. Mdogo wangu ameajiriwa katika mashamba ya miwa ya TPC kule Arusha Chini, na kila anapopanda mjini kwa mapumziko huniletea habari za huko. Kampuni ile, kama wengi wa Moshi mnavyojua, tangu mwaka 2000 hisa zake nyingi zimeshikwa na wawekezaji kutoka Morisi, na Serikali yetu imebaki na robo. Juzi alinieleza jambo ambalo limenikaa kichwani: nchi wanakotoka hao wenye hisa ni kisiwa chenye kilomita za mraba 2,000 na ushei, ilhali mkoa wetu wa Kilimanjaro peke yake unazidi 13,000. Watu wao ni milioni 1.2 na kidogo. Sisi wa mkoa huu kwa sensa ya 2022 tulikwishapita milioni 1.8. Hawana dhahabu wala gesi. Walichokuwa nacho siku ya uhuru ni miwa. Lakini leo wao ndio wanaokuja kununua mashamba kwetu, sisi hatuendi kununua kwao.

Mimi ni mzaliwa wa Kibosho, nimekulia kwenye kihamba cha kahawa. Mashine ya kumenyea kahawa ya marehemu babu ipo hadi leo nyuma ya nyumba. Gurudumu lake limeshika kutu na kuku hulala juu yake. Ada ya baba yangu ilitoka katika mashine ile. Swali langu basi ni hili: wao walikuwa na zao moja la kuuza nje, na sisi huku mlimani tulikuwa na moja, njia zetu ziliachana wapi? Naomba msinijibu kwa neno "nidhamu" au "uongozi bora" kisha mkaishia hapo. Nataka kujua kilifanyika nini, mwaka gani, na fedha zilipitia wapi.

Fundi Mitambo, Moshi:

Ndugu Mkazi, nimestaafu baada ya miaka mingi ya kuhangaika na mitambo ya sukari, na nimekaa meza moja na Wamorisi, hivyo nitajibu upande ninaoujua.

Mwaka 1975, chini ya Mkataba wa Lomé, Jumuiya ya Uchumi ya Ulaya iliahidi kununua kila mwaka kiasi maalumu cha sukari kutoka kwa nchi zilizokuwa makoloni, kwa bei inayokaribia ile wanayolipwa wakulima wa Ulaya wenyewe. Katika mgawo huo Morisi ilipata fungu kubwa kuliko nchi nyingine yoyote, zaidi ya tani 500,000 kwa mwaka. Maana yake ni kwamba bei ya soko la dunia ilipoporomoka, na sukari huporomoka vibaya kama kahawa, wao waliendelea kulipwa bei iliyo juu yake sana. Hali hiyo ilidumu zaidi ya miaka 30. Ulaya ilianza kukata bei mwaka 2006, ikaishusha kwa asilimia 36, na mwaka 2009 utaratibu wenyewe ukafutwa.

Hapa watu wengi husema, "Basi, walibebwa." Ni kweli walibebwa, lakini na sisi tulikuwa na mbeleko yetu. Mkataba wa Kimataifa wa Kahawa uliipangia kila nchi kiwango cha kuuza nje ili bei isianguke, na mgawo huo ulisambaratika Julai 1989. Wazee wa Kibosho na Machame wanakumbuka malipo yaliyofuata. Wako waliokata mibuni wakaotesha nyanya na ndizi. Kwa hiyo tofauti haipo katika kuwa na kinga au kutokuwa nayo. Kinga yetu ilipovunjika, kahawa ndiyo ilikuwa bado inalipa ada, mabati na matanga. Kinga yao ilipovunjika, sukari ilikwishakuwa kipande kidogo tu cha uchumi wao.

Hata muwa wenyewe waliugeuza. Wakati wa uhuru walikuwa na viwanda vya sukari zaidi ya 20, leo vimebaki vitatu. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 walikuwa wakitoa karibu tani 700,000 za sukari kwa mwaka, leo hawafikishi 300,000. Lakini yale makapi ya miwa, ambayo sisi mafundi huyaita bagasi, yakitoka kwenye rola ya mwisho karibu nusu ya uzito wake ni maji, na ukiyashika mkononi ni kama maranda ya mbao yaliyonyeshewa. Kwenye boila yenye mgandamizo mkubwa yanawaka vizuri tu, yanaendesha mtambo wa kiwanda, na umeme unaozidi unauzwa kwenye gridi ya taifa. Wao walianza biashara hiyo mapema sana. Mwenzangu mmoja wa huko alikuwa akinitania: "Ninyi mnauza sukari na makapi mnayatafutia kazi, kwetu mwisho wa siku sukari ndiyo itakuwa makapi."

Mwalimu wa Historia, Usa River:

Fundi ameeleza vizuri fedha zilikoingilia. Nitajaribu kueleza zilikotokea.

Kwanza tuondoe dhana kwamba nchi ile ilizaliwa na bahati. Mwaka 1961 mchumi wa Kiingereza James Meade, ambaye baadaye alipata Tuzo ya Nobeli mwaka 1977, aliandika ripoti iliyojaa mashaka: malaria imedhibitiwa na watu wanaongezeka kwa kasi, ardhi imekwisha, na miwa haiwezi kuajiri zaidi ya iliowaajiri. Katika uchaguzi wa 1967 asilimia 44 ya wapiga kura walikiunga mkono chama kilichopinga uhuru. Januari 1968, wiki chache kabla ya bendera kupandishwa Machi 12, watu waliuana mitaani katika mji mkuu, Port Louis, hadi askari wa Kiingereza wakaletwa kutuliza. Aliyeitazama nchi hiyo wakati ule angeiwekea dau dogo kuliko Tanzania.

Sasa angalieni mwaka wenyewe, 1967. Februari ya mwaka huo Azimio lilitangazwa hapa Arusha, na njia kuu za uchumi zikaanza kuchukuliwa na umma. Agosti ya mwaka huo huo Seewoosagur Ramgoolam wa Chama cha Labour alishinda uchaguzi wa kuelekea uhuru, naye alijiita msoshalisti kama viongozi wengi wa wakati wake. Mashamba makubwa ya miwa yalikuwa mikononi mwa familia chache za wazungu wenye asili ya Ufaransa. Hakuyataifisha. Aliwaachia mashamba na viwanda vyao, kisha akawatoza. Ushuru wa kusafirisha sukari nje uliwabana wenye mashamba makubwa zaidi, na mapato yakaenda kwenye hospitali za bure, ruzuku ya mchele na unga, na pensheni ya wazee ambayo tangu miaka ya 1950 hulipwa bila mtu kuwa amechangia chochote. Kwa lugha ya nyumbani: ng'ombe aliachwa zizini kwa mwenyewe, lakini maziwa yakapimwa kila asubuhi. Sisemi kwamba sisi tulikosea kila kitu; mazingira yetu yalikuwa mengine, na mkoloni alituachia wasomi wa kuhesabika kwa vidole. Nasema tu kwamba njia mbili zilifunguliwa katika mwaka mmoja, na anayetaka kulinganisha aanzie hapo.

Pili ni sheria ya mwaka 1970 ya viwanda vya kuuza bidhaa nje. Kwingineko duniani eneo la namna hiyo huzungushiwa uzio karibu na bandari. Wao hawakuweka uzio. Kiwanda chochote popote kisiwani kikitimiza masharti kilipata msamaha wa ushuru wa malighafi na nafuu ya kodi. Washonaji wa Hong Kong, ambao fungu lao la kuuza nguo Ulaya na Marekani lilikuwa limejaa, walikuja kwa sababu nguo iliyoshonwa Morisi iliingia Ulaya bila ushuru kupitia Lomé ileile. Na bei ya sukari ilipopaa mwaka 1974, wenye mashamba nao walikuwa na faida ya kuingiza kwenye cherehani. Pesa ya miwa ikawa mtaji wa fulana, na baadaye wa hoteli. Sisi sheria yetu ya maeneo kama hayo tuliitunga mwaka 2002.

Haikwenda kama uji. Waliwahi kubanwa na madeni, rupia ikashushwa thamani mwaka 1979 na tena 1981, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 karibu mtu mmoja kati ya watano hakuwa na kazi. Mwishoni mwa muongo huo huo viwanda vilikuwa vinatafuta wafanyakazi. Waliojaza viwanda hivyo wengi walikuwa wanawake, mabinti wa wakata miwa.

Na Ramgoolam hakuwa malaika. Mwaka 1971, migomo ilipopamba moto, alitangaza hali ya hatari, na uchaguzi ukasogezwa hadi 1976. Ulipofanyika, chama kipya cha vijana cha MMM kikapata viti vingi kuliko kingine chochote, na wazee wakabaki madarakani kwa kuungana tu. Elimu ya sekondari ya bure iliyoanza mwaka 1977 ilitoka katika hofu ya uchaguzi ule. Ndugu Mkazi umekataa neno "nidhamu". Mimi nakupa "hofu ya mpiga kura".

Dada wa Kaloleni, Arusha:

Shikamoo Mwalimu. Nafanya kazi ya kupanga safari za watalii hapa mjini, na Morisi ni mshindani wetu, hivyo nimeifuatilia kwa muda. Nakubaliana na mengi, ila hadithi inasimuliwa tamu mno, na kuna watu wameachwa nje ya mlango.

Kisiwa kile hakikuwa na wenyeji. Waholanzi walifika 1598 wakaondoka 1710, Wafaransa wakachukua, kisha Waingereza mwaka 1810. Waliolima kwanza ni watumwa, na wengi wao walitoka Madagaska, Msumbiji na pwani yetu. Mwaka 1776 mfanyabiashara Mfaransa aitwaye Morice alifunga mkataba na Sultani wa Kilwa wa kupatiwa watumwa 1,000 kila mwaka. Kwa hiyo tunapowajadili Wamorisi kama wageni, tukumbuke kwamba baadhi yao ni ndugu zetu waliosafirishwa. Utumwa ulipokomeshwa mwaka 1835, waliolipwa fidia ni wenye watumwa. Mashamba yakaleta vibarua wa mkataba kutoka India, zaidi ya 450,000 kwa miaka iliyofuata, na wajukuu wao ndio walio wengi leo na ndio walioshika Serikali. Wazungu walibaki na ardhi na makampuni. Wakrioli, uzao wa wale wa Kilwa na Madagaska, wengi wao hawakupata hiki wala kile. Februari 1999 mwanamuziki Mkrioli aitwaye Kaya alipofia katika mahabusu ya polisi, ghasia zilizozuka hazikuwa za muziki.

Katiba yenyewe inahesabu makabila. Bunge lina viti 62 vya kuchaguliwa, kisha hadi viti vinane huongezwa kwa wagombea walioshindwa lakini wakapata kura nyingi, ili kila jamii, yaani Wahindu, Waislamu, Wachina na waliobaki wanaoitwa "wakazi kwa jumla", isikose mtu ndani. Na hesabu inayotumika ni ya sensa ya 1972, kwa sababu baada ya hapo waliacha kuhesabu watu kwa jamii. Waswahili tungesema wamefunika kombe, lakini ndani ya kombe wameweka kikokotoo.

Kuhusu viongozi, fanyeni hesabu ndogo. Tangu uhuru, ukiondoa Paul Bérenger wa 2003 hadi 2005, kila waziri mkuu ametoka katika nyumba mbili: baba Ramgoolam na mwanawe Navin, baba Jugnauth na mwanawe Pravind. Sifa ninayowapa ni moja: wananchi wakichoka, huwafagia. Mwaka 1982 na 1995 upinzani ulizoa viti vyote 60 vya kisiwa kikuu, na Novemba 2024 muungano wa Navin Ramgoolam ulichukua 60 kati ya 62.

Utajiri wenyewe nao ni mwepesi kuliko unavyoonekana. Julai 2020 Benki ya Dunia iliwapandisha kwenye kundi la nchi za kipato cha juu, na mwezi huo huo, watalii wakiwa hawaji kwa sababu ya korona, meli ya Wakashio ikapanda mwamba na Agosti mafuta yakamwagika baharini. Mwaka uliofuata wakateremshwa kundi. Bado sijagusa kampuni za kupitishia fedha za kigeni zilizowafanya wawekwe chini ya uangalizi wa kimataifa wa utakatishaji fedha kuanzia 2020 hadi 2021.

Mkazi wa Pasua, Moshi:

Nawashukuru wote, na Dada hapo kwenye Kilwa umenikata maini, sikulijua hilo. Mwalimu, nina swali la mwisho. Hiyo pensheni ya kila mzee wa miaka 60 bado inalipika? Mama yangu hapa ana miaka 71 na pensheni yake ni mimi na mdogo wangu.

Mwalimu wa Historia, Usa River:

Marahaba Dada, na nakubali sahihisho lako.

Ndugu Mkazi, bado inalipwa, lakini imeanza kuwaelemea. Wanawake wa Morisi sasa wanazaa kwa wastani chini ya watoto wawili, na wazee wanaongezeka kila mwaka. Katika bajeti ya Juni 2025 Serikali ilitangaza kwamba umri wa kuipata utapandishwa hatua kwa hatua kutoka 60 hadi 65, na watu wakaingia barabarani kupinga. Zile cherehani walizokuwa wakikaa mabinti wa wakata miwa, leo nyingi zinaendeshwa na vijana waliotoka Bangladesh na Madagaska kwa mikataba ya miaka michache, na hao wakimaliza hurudi kwao.