Tupeane uzoefu: tangazo la ng'ambo lililobadilisha namna unavyoitangaza kazi yako hapa Uganda

Fundi wa Vibao, Mbale

Ndugu zangu, ninachora vibao vya maduka hapa Mbale kwa zaidi ya miaka ishirini sasa, na kwa muda mrefu niliamini kwamba kibao kizuri ni chenye rangi nyingi na herufi zinazoonekana kutoka ng'ambo ya barabara. Imani hiyo ilitikiswa na kampeni ya gazeti la The Zimbabwean ya mwaka 2009. Gazeti hilo lilitayarishwa uhamishoni, na serikali ya Zimbabwe ilikuwa imelitoza ushuru wa bidhaa za anasa, hata bei yake ikawashinda wale wale ambao liliandikwa kwa ajili yao. Wakala wa matangazo wa Johannesburg, TBWA Hunt Lascaris, hakutafuta picha ya kusikitisha. Alichukua noti halisi za dola za Zimbabwe, ambazo mfumuko wa bei ulikuwa umezimaliza thamani hata ikatolewa noti moja ya dola trilioni 100, akachapa ujumbe juu yake na kuzibandika pamoja zikawa mabango, huku akieleza kuwa kuchapa kwenye pesa kulikuwa nafuu kuliko kuchapa kwenye karatasi. Mpita njia hakuhitaji kusomeshwa uchumi, kwa kuwa ushahidi wenyewe ulikuwa ukutani. Kampeni hiyo ilipata tuzo kuu ya matangazo ya nje huko Cannes mwaka huohuo.

Baada ya kuisoma habari hiyo alinijia mwenye mashine ya posho, akitaka nimchoree gunzi la mahindi na mtoto mnene anayecheka. Nilimshauri tuache picha. Nilitengeneza sanduku dogo la kioo, tukalitundika mlangoni, tukatia unga, na juu yake nikaandika maneno mawili tu: "Umesagwa leo." Kila asubuhi ilimlazimu kumwaga wa jana na kutia mpya. Mwezi wa kwanza alilalamika kwamba nimemtwika mzigo, kwani hakuweza tena kuwauzia watu unga uliolala huku sanduku likimkana, lakini akina mama walianza kusimama, kutazama na kuingia. Hapo ndipo nilipoanza kuyapenda matangazo yanayomfunga mwenye mali kabla hayajamvuta mnunuzi, na ndiyo ninayotaka tuyazungumze. Tafadhali, kila mmoja aeleze kampeni iliyomgusa na alichojaribu yeye mwenyewe.

Mama Mizani, Busia

Asante, Fundi. Mimi nauza mchele, maharage na sukari karibu na mpaka, katikati ya maduka ya jumla yenye magari yao wenyewe. Iliyonifungua macho ni kampeni ya Avis, kampuni ya kukodisha magari ya Marekani, iliyoanza mwaka 1962. Hertz ilikuwa mbele yao kwa mbali, na Avis walikuwa wamepata hasara kwa miaka mingi. Wakala wao, Doyle Dane Bernbach wa New York, aliwafanya waseme hadharani kwamba wao ni wa pili tu, na kwa hiyo wanajitahidi zaidi. Mwaka uliofuata waliacha hasara, wakaingia kwenye faida. Wakala huyohuyo ndiye aliyekuwa ameitangaza Volkswagen mwaka 1959 kwa picha ya gari dogo katika ukurasa uliobaki karibu mtupu, akiwaambia Wamarekani waliopenda magari makubwa wafikirie udogo.

Nililifikiria hilo usiku kucha, kwa maana biashara yetu imejaa kujisifu, na kila duka hapa linajiita la kwanza. Nikamwambia kijana wa vibao aniandikie: "Duka dogo. Pima tena popote utakapo." Mume wangu alisema nimejitukana mwenyewe. Hata hivyo neno hilo lilinibadilisha mimi kabla halijawabadilisha wateja, kwa sababu nililazimika kununua mizani mpya na kuiweka mbele, upande wa mteja, ambapo zamani ilikaa nyuma ya magunia. Wapo waliokwenda kupima tena kwa jirani, wakarudi.

Muuguzi Mstaafu, Arua

Wanangu, nimefurahi kuwasoma, lakini mbona mnatazama ng'ambo tu, na hali ng'ambo ilikuja kutazama kwetu? Mwishoni mwa miaka ya 1980 nilikuwa muuguzi kijana, na UKIMWI ulikuwa unawamaliza watu wa rika langu. Uingereza mwaka 1987 ilionyesha katika televisheni jiwe la kaburi likichongwa, na kikaratasi cha maelezo kikapelekwa katika kila nyumba. Australia, mwaka huohuo, ilionyesha Kifo chenye joho jeusi kikirusha tufe na kuwaangusha watu kama vigingi vya mchezo. Matangazo hayo yalisikika kwelikweli, lakini la Australia lililaumiwa baadaye kwamba liliwafanya watu wawaogope wagonjwa kuliko ugonjwa wenyewe.

Sisi hapa hatukukosa hofu, kwani redioni ngoma ilitangulia tangazo, na mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo. Lakini lililoingia vijijini ni neno la wafugaji, ziro grezingi. Mfugaji anaelewa maana ya kumlisha ng'ombe nyumbani badala ya kumwacha azurure akila mashamba ya watu. Neno hilo liliweza kutamkwa msikitini, kanisani na mbele ya baba mkwe bila mtu kuinamisha uso, na aliyelisikia alijua mara moja kwamba anaambiwa atulie kwake, iwe ana mke mmoja au wanne. Nilisimama mbele ya mikutano ya wazee ambao wasingekubali binti wa umri wangu awataje mambo ya chumbani, nikazungumza nao habari za ng'ombe saa nzima, na tulielewana.

Kisha mwaka 1989 Philly Lutaaya, mwanamuziki aliyependwa nchi nzima, alijitokeza kusema kwamba anao UKIMWI, akazunguka mashuleni na makanisani hadi alipofariki mwezi Desemba. Fundi amesema habari ya ushahidi kuwa ukutani. Kwetu sisi ushahidi ulikuwa ni mtu mwenye jina, aliyekonda mbele ya macho yetu. Maambukizi yalishuka katika miaka ya 1990 kwa sababu nyingi zilizoshikamana, wala sidai kwamba ni maneno peke yake, lakini nilikuwapo, na niliona wagonjwa wakianza kuletwa hospitali na ndugu zao badala ya kufichwa.

Mtayarishaji wa Redio, Jinja

Mama Muuguzi, nimekusoma mara mbili. Mimi nitaeleza kosa langu. Niliipenda sana kampeni ya chuo kikuu cha uhandisi cha UTEC huko Lima, Peru, ya mwaka 2013. Lima haipati mvua ila kidogo mno, lakini hewa yake imejaa unyevu. Chuo hicho, kikitafuta wanafunzi, kilisimamisha bango kando ya barabara kuu lenye mitambo ya kuvuta unyevu wa hewa, kuusafisha na kutoa maji ya kunywa, takriban lita 96 kwa siku. Watu walikuja na ndoo. Badala ya kusema kwamba wahandisi hutatua matatizo, walitatua moja palepale.

Nikiwa na moto huo nilipewa tangazo la sabuni, nami nikaliandika kwa Kiswahili fasaha na kutafuta mwanamume mwenye sauti nzito ya kulisoma. Nilikuwa nimesahau kwamba katika sehemu nyingi za Buganda na Busoga Kiswahili kilisikika kwa miaka mingi kwenye vizuizi vya barabarani, midomoni mwa watu wenye bunduki. Mama mmoja wa makamo aliniambia kwamba tangazo langu lilipoanza, mkono wake ulikwenda kutafuta kitambulisho. Maneno hayo yaliniumiza, maana Kiswahili ni lugha ya nyumbani kwetu na ninaipenda. Tuliliondoa, tukarekodi upya na mwanamke anayeuza nguo sokoni, akizungumza na mteja wake kama anavyozungumza siku zote, akichanganya Kiswahili na Kisoga, na ndani ya mazungumzo akifua kitambaa chenye doa la matoke. Sauti ya maji ilikuwa ya kweli, na doa lilikuwa la kweli, kwa sababu nilikataa kulisingizia. Kwa Arua na Busia, ambako Kiswahili kimezoeleka, hata lile la kwanza lingepita bila shida, naamini.

Mwendesha Boda, Kampala

Langu ni fupi. Tazameni kofia za rangi ya chungwa za SafeBoda, ambao walianza kazi mwaka 2014. Abiria anapewa kofia yake, na kila safari inakuwa tangazo linalopita katikati ya msongamano wa magari. Mimi si wa kampuni hiyo, lakini niliponunua kofia ya pili kwa ajili ya abiria, akina dada wa ofisini walianza kunichagua pale stejini bila mimi kupiga kelele.

Fundi wa Vibao, Mbale

Mama Muuguzi, shikamoo. Umenirudisha nyumbani, na habari ya ng'ombe nitaichukua niende nayo kwa vijana ninaowafundisha kazi. Mama Mizani, kibao chako ningependa kukiona, na kama rangi imeanza kufifia nitakuja kukipaka upya bila malipo.

Niongeze jambo moja kuhusu yule mwenye mashine. Msimu wa mvua uliopita mahindi yalikuja mabichi, yasiyosagika, naye akanipigia simu akitaka niliondoe sanduku hadi kiangazi. Nilimwomba aliache palepale, tupu. Nilikwenda na brashi, nikaandika chini yake: "Leo hatukusaga." Lilikaa hivyo siku nne. Siku ya tano mahindi makavu yalifika kutoka Kapchorwa, na wateja walikuwa wamekwisha kupanga foleni kabla hajauwasha mtambo.