Gari dogo, njia ya mawe: niliinue au niliache?

Mleta uzi: Wakuu, naombeni ushauri. Nina gari dogo la kawaida. Keshokutwa nampeleka mama kijijini, na kilomita 40 za mwisho ni makorongo, mawe na mto mmoja. Niweke springi ndefu liinuke?

Dereva Mkongwe: Usiinue, mipira ya sivi jointi, vile viungo vinavyozungusha magurudumu, itachanika mapema. Jifunze kuchagua njia. Jiwe usilipitishe katikati ya gari, lipande kwa tairi. Mimi nimezeeka na gari la chini kwenye njia mbovu. Gia ya kwanza na subira, basi.

Binti wa Gereji: Mto uupime kwa miguu kabla ya kuingia. Injini ikivuta maji badala ya hewa imekwisha, maji hayashindiliki, rodi inapinda. Ila mbona wazo la kuinua limekujia sasa? Uligonga?

Mleta uzi: Niligonga kidogo mwezi jana. Sampo, lile bakuli la oili chini ya injini, ikavuja, nikaiziba kwa gundi ya chuma, imekauka vizuri. Na springi nimeshazilipia, mkuu, siwezi kurudi nyuma.

Mpita Njia: Sasa ushauri wa nini kama umeshalipa? Mama umpandishe basi.

Binti wa Gereji: Taa ya oili inawaka?

Mleta uzi: Inamulika nikipanda mlima tu. Nikichomoa stiki ya kupimia, oili imejaa.

Macho Kodo: Chai hii. Oili imejaa, taa inawaka, injini haijanoki, haijafa, mwezi mzima? Kila ukiulizwa unaongeza kipande.

Mleta uzi: Sikutaka kuonekana mzembe. Lakini natunga ili iweje? Atakayekaa kiti cha nyuma ni mama yangu.

Binti wa Gereji: Macho Kodo, inawezekana kabisa. Sampo ikibonyea inaziba mdomo wa chujio la pampu, oili imo lakini haivutiki. Na kwa kuwa sampo imepungua nafasi, stiki inasoma imejaa. Mleta uzi, usiliwashe tena. Sampo ishushwe, ibadilishwe, ndipo ufunge bati la kinga chini yake.

Dereva Mkongwe: Langu lilinoki hivyohivyo, usiku, porini. Nilitembea hadi alfajiri. Nilikuwa peke yangu, nashukuru.

Mleta uzi: Nipo chini ya gari na tochi. Imebonyea kama sahani. Nampigia fundi aache springi, ashushe sampo.

Binti wa Gereji: Mwambie asafishe na chujio. Vipande vya gundi huenda vimeingia.