Nimelipia gauni la mchoro wangu, fundi akakata la mazoea yake

Wanajukwaa, ninaandika nikiwa na hasira na sioni sababu ya kuificha. Nimelipia gauni la kaskazi lishonwe kwa vipimo na mchoro wangu mwenyewe, hapa hapa Lamu, na nilichokabidhiwa ni vazi nisiloweza kulivaa, lililotokana na doti ya leso ambayo dukani haipatikani tena.

Nieleze kwanza nilichoagiza, asije mtu akasema kwamba sikueleweka. Ninanyonyesha, na joto la kisiwani kati ya Januari na Machi mnalijua. Nilitaka gauni la pamba tupu, lenye vifungo mbele kuanzia shingoni hadi chini ya kifua, mikono mipana ya kufika kiwikoni, na mifuko miwili iliyofichwa katika mishono ya ubavuni. Sehemu ya juu ingekuwa ya pamba nyeupe, na sketi ingetokana na leso zote mbili zilizounganishwa ubavuni, ili pindo la leso lizunguke chini ya gauni na jina, yaani maneno yaliyoandikwa kwenye leso, lisomeke zima upande wa mbele. Nilikata pateni ya karatasi ya ukubwa kamili, nikaandika kila kipimo na kutia alama mahali pa kila kifungo. Fundi aliitazama, akasema kazi ya mchoro wa mteja ina bei yake, akataja kiasi kilichozidi kile cha gauni la kawaida, nami nikalipa bila kubishana, kwa sababu kazi ya namna hiyo inastahili kulipiwa zaidi.

Leso ina urefu wa takriban mita 1.5 na upana wa mita 1.1, na pindo lake limenyooka. Pindo lililonyooka halipatani na sketi ya mwavuli, kwa kuwa mwavuli hukatwa kwa mviringo, na mkasi unaopanda kwa mviringo kuelekea ubavuni hauna budi kulila pindo. Ndiyo maana mchoro wangu ulikuwa wa mistatili miwili, inayokusanywa marinda kiunoni, ili upana upatikane juu bila chini kuguswa. Yeye alikata mwavuli. Pindo limebaki kipande katikati ya mbele na kipande katikati ya nyuma, ubavuni halipo kabisa, na herufi za mwanzo na za mwisho za jina zimekwenda na vipande vilivyotupwa. Pateni yangu niliikuta imekunjwa vile vile nilivyoiacha.

Na vifungo je? Ametia zipu mgongoni! Mama anayenyonyesha avue gauni zima kila mtoto anapolia? Mifuko haikushonwa. Ndani ametia bitana ya polista ambayo sikuiomba, kitambaa kisichonyonya jasho wala kupitisha hewa, katika nguo ambayo kusudi lake zima lilikuwa kumpumzisha mvaaji na joto.

Ningeweza kuvumilia kosa linalorekebishika, lakini hili amelifunga kila njia. Katika pateni niliacha akiba ya mshono ya sentimita 1.5, naye ameacha kama nusu sentimita, kwa hiyo hakuna fundi mwingine anayeweza kufumua na kutanua. Pamba nyeupe, ambayo aliinunua mwenyewe kwa pesa zangu, hakuiloweka kabla ya kukata, ilhali kila anayeshona anajua kwamba pamba mpya hurudi, yaani hupungua ukubwa, katika maji ya kwanza. Leso nilikuwa nimezifua. Basi gauni lilipofuliwa, juu kukarudi, sketi ikabaki kama ilivyokuwa, na mshono wa kiuno ukajikunja pande zote.

Nilipomrudia, jibu lake lilikuwa hili: "Mwanangu, wanawake wote wa mtaa huu nawashonea hivi hivi, na hakuna anayelalamika." Nilimwambia kwa adabu, kwa kuwa ni mtu mzima, kwamba wao walilipa bei ya kushonewa hivyo na mimi nililipa bei nyingine. Na asiseme mtu kwamba ufundi wa makini umetushinda watu wa Lamu. Mji huu ndio wa kofia za vito, ambazo hutobolewa na kuzungushiwa uzi tundu kwa tundu, na wanaozishona wanafuata mchoro bila kuruka hata tundu moja.

Ameniahidi punguzo katika gauni lijalo, nami silitaki. Ibara ya 46 ya Katiba ya mwaka 2010 inampa mtumiaji haki ya huduma yenye ubora unaofaa, na ya kufidiwa anapopata hasara kwa sababu ya kasoro katika huduma aliyopewa. Ninachodai ni pesa zote za ushonaji, gharama ya pamba na thamani ya doti, na madai hayo nimemkabidhi kwa maandishi. Jina lake silitaji hapa, kwani ninataka alipe, si atukanwe.

Mwenye kumfahamu fundi wa Amu (hapa mjini Lamu), Shela au Mokowe anayekata kwa kufuata pateni ya mteja, na anayekubali kushona kwanza gauni la majaribio kwa kitambaa cha merikani kabla ya kugusa kitambaa chenyewe, tafadhali anielekeze. Nina doti nyingine, na safari hii haitaguswa na mkasi kabla sijalivaa lile la majaribio.