Naomba ushauri: kupunguza mabawa ya njiwa bila kuwaumiza
Wakuu, habari za jioni. Nina jozi mbili za njiwa nilizonunua Mbagala, nami naishi Tegeta. Jozi ya kwanza kabisa, kabla ya hizi, niliifungulia siku ya nne tu. Ikazunguka juu ya bati mara mbili, ikarudi kwa aliyeniuzia. Hela kala, na njiwa kapata!

Safari hii nataka kuwapunguza mabawa mpaka wazoee banda. Jirani akajitolea, akakata manyoya ya bawa moja tu la dume, tena mkasi ukapita kwenye unyoya mchanga, ule ambao shina lake bado ni jeusi kwa damu. Damu ikachuruzika, tukabana na unga wa mahindi mpaka ikakata. Sasa dume akiruka anapinduka upande.

Najua unyoya uliokomaa ni kama kucha, hauumi, na utaota tena akibadilisha manyoya. Ila kati ya yale 10 marefu ya nje, mnakata mangapi kila upande ili atue taratibu, asigonge kifua? Ukiwa peke yako unamshikaje? Na huyu dume nimsawazishe sasa au nisubiri? Mapaka ya mtaani hayalali.